Mti Usiopakiwa Garini

Sheria za nchi yetu ya Tanzania zina maelezo mengi juu ya mtu anayetakiwa kuihama nyumba yake kwa manufaa ya umma, na aliyezisoma hana budi kukiri kwamba waliozitunga hawakuwa watu wasio na huruma. Kanuni za uthamini wa ardhi kwa ajili ya fidia, zilizotolewa mwaka 2001 chini ya Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999, zinamhesabia mhamaji thamani ya ardhi yake na kila alichokiendeleza juu yake, posho ya usumbufu, kodi ya nyumba ya miezi 36 ili apate pa kujistiri, faida ya miezi 36 ikiwa alikuwa na biashara mahali pale, na gharama ya kusafirisha mizigo ya tani 12 kwa masafa yasiyozidi kilomita 20. Tani 12 si haba. Ni vitanda na makabati, magunia ya mtama, mabati yaliyong'olewa, milango na fremu zake, kuku katika matenga, na bado gari lina nafasi. Kitu kimoja kikubwa cha nyumba ile ndicho kisichopakiwa, nacho ni mti wa uani.

Msomaji aliye Tanga au Mwanza aweza kuuliza kwa nini habari hii itahusu Dodoma, ilhali miti hukatwa kila mahali. Jawabu ni kwamba ni nadra kupata mji ambao wakazi wake wameishi na habari ya kuhama kwa muda mrefu kiasi hiki. Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua makao makuu ya serikali yahamie Dodoma, ikaundwa na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo wenyeji waliiita CDA na basi. Na kwa zaidi ya miaka 40 watu wa Ntyuka, Mkonze, Nzuguni, Ihumwa na vitongoji vingine wakawa wanapanda miti katika ardhi ambayo, kwa mujibu wa ramani zilizofungiwa ofisini, siku moja ingehitajika kwa kazi nyingine. Siku hiyo ilipowadia, iliwadia kwa kasi. Mwaka 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali yake itahamia Dodoma, mwaka 2017 CDA ikavunjwa na kazi zake kukabidhiwa Manispaa, mwaka 2018 Manispaa ikapandishwa kuwa Jiji, na sensa ya mwaka 2022 ikakuta watu 765,179 mahali ambapo ile ya mwaka 2012 ilikuta 410,956. Mji wa Serikali ukasimama Mtumba, uwanja wa ndege ukaanza kujengwa Msalato, barabara ya mzunguko yenye urefu wa takriban kilomita 112 ikachorwa kuuzunguka mji, na mwaka 2024 treni ya umeme ikaanza kufika kutoka Dar es Salaam. Sisemi haya kwa kulalama, maana mji mkuu haujengwi hewani. Nasema tu kwamba katika njia ya kazi hizo palikuwa na nyua za watu, na katika nyua hizo palikuwa na mikwaju, miembe, mipapai, mikomamanga na mizabibu.

Kisha ni lazima ieleweke mti wa uani ni kitu gani katika nyanda hizi za kati. Mvua hapa hunyesha kwa msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, nayo kwa kawaida haifiki milimita 600 kwa mwaka; baada ya hapo ni upepo, vumbi jekundu na jua lisilo na haya. Kwa hiyo mti wa matunda uliokua uani ni mti ulionyweshwa kwa mkono, ama kwa ndoo iliyotoka mbali juu ya kichwa cha mtu, ama kwa maji ya pili, yaani yale yaliyokwisha kuoshea vyombo, kuogeshea mtoto mchanga au kunawia wageni. Mti uliolelewa namna hiyo kwa miaka 20 au 30 umekuwa daftari la nyumba nzima. Mwenye nyumba aghalabu hakumbuki tarehe, bali anakumbuka kwamba binti yake wa kwanza aliolewa mwaka mzabibu ulipozaa kwa mara ya kwanza, kwamba mchwa waliutafuna upande wa mashariki katika mwaka ule wa njaa, na kwamba tawi lile lililopinda lilipindishwa na mtoto ambaye sasa ni mwalimu Singida na ana watoto wake mwenyewe.

Mthamini hufika asubuhi, akiongozana na mtendaji wa mtaa au wa kijiji na mmoja wa wazee. Huamkia watu, hupima kuta kwa futi kamba, huuliza choo kilijengwa lini, kisha hugeukia uani kuhesabu miti. Mwembe hauandikwi kuwa ni mwembe tu. Huangaliwa kama ni mchanga, kama unazaa au umechakaa, na kila daraja lina bei yake katika jedwali la viwango. Hatimaye mwenye nyumba husimamishwa mbele ya nyumba yake akiwa ameshika kibao chenye namba, akapigwa picha. Nimewahi kusimama kando ya kazi kama hiyo. Bibi mmoja alikuwa na mzabibu uliotambaa juu ya chanja la miti mpaka ukawa ndio paa la jiko lake la nje, na gome lake limechanika nyuzi nyuzi kama ilivyo desturi ya mizabibu ya siku nyingi. Alimsikia kijana akimsomea mwenziwe: "Mzabibu, mkubwa, mmoja."

"Mjukuu wangu," akasema, "umeandika na marehemu?"

Kijana alikuwa na adabu. "Marehemu yupi, bibi?"

"Aliyeupanda."

Kijana akaitazama fomu yake kana kwamba huenda ikawa na safu ya jambo hilo, akasema, "Pole sana, bibi," na kalamu ikaendelea na mipapai.

La ajabu ni kwamba laiti marehemu huyo angekuwa amezikwa pale uani, angekuwa na sheria yake. Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969 inatambua gharama za kufukua, kusafirisha na kuzika upya, na hata gharama za matambiko yanayostahili kufanywa ili wafu wasisumbuliwe bure. Aliyezikwa chini ya mwembe basi anahama kwa heshima zote, ilhali mwembe alioupanda kwa mikono yake unabaki kulisubiri greda. Hata hivyo sidai kwamba dola iipangie kumbukumbu bei. Ikipangiwa bei leo, kesho watazuka wenye kumbukumbu nyingi mno, na kila mpapai wa mwaka jana utakuwa umepandwa na babu mzaa babu. Thamani ya namna hii ni amana ya wenyewe, na wenyewe ndio wanaopaswa kujua la kufanya nayo.

Wala watu wa nyanda za kati si wageni wa jambo hili la kuhama na kuiacha miti. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika ile iliyoitwa Operesheni Dodoma, jamaa nyingi za Ugogo, nchi ya Wagogo, ziliyaacha makazi yao yaliyotawanyika zikakusanywa katika vijiji vya ujamaa. Tembe, nyumba yao ya jadi, likiachwa halidumu, kwa sababu paa lake ni la udongo na linataka mkono wa mtu kila masika; mvua chache tu na kuta zinarudi kuwa kichuguu. Kilichobaki mahameni ni miti, yaani uzio wa manyara uliokwenda juu bila wa kuukata, mkwaju wa mahali pa baraza, na mbuyu uliokuwapo kabla ya watu na ukaendelea kuwapo baada yao. Mzee aliyetaka kumwonyesha mwanawe mahali kitovu chake kilipozikwa alikwenda kwa kufuata miti hiyo. Tofauti ya zama zile na hizi ni kubwa: waliohama wakati ule waliiacha miti yao ikiwa hai, na waliweza kuizuru. Anayehama leo haachi hame. Anaacha lami.

Miti yenyewe haiagwi kwa namna moja, na hapa ndipo maarifa ya bustani yanapoweza kumfariji mtu kuliko maneno. Mgumu kuliko yote kuuaga ni mbuyu. Hauhamishiki, hauna tawi la kuchukua ukaota upesi, na ukianguka hauachi hata ubao, kwa maana shina lake ni nyuzi na maji, likifa hulainika na kuporomoka likawa lundo la makapi. Waingereza waliokuja Kongwa mwaka 1947 na mradi wao wa karanga walilijua hilo kwa taabu, matrekta yao yakihangaika na mibuyu kabla ya mradi mzima kuachwa mwaka 1951 kwa hasara ya mamilioni ya pauni. Mibuyu mingi ya Kongwa ingali ipo, mradi haupo. Lakini hata mbuyu si wa milele. Mwaka 2018 Adrian Patrut na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba, kati ya mibuyu 13 iliyokuwa mikongwe kuliko yote waliyoipima barani Afrika, 9 ilikuwa imekufa, yote au sehemu yake ya kale zaidi, katika muda wa miaka isiyozidi 15 hivi, na walishuku kwamba mabadiliko ya hali ya hewa yana mkono wake. Anayeaga mbuyu achukue mbegu, azitie katika maji ya moto zilainike ngozi, apande, na ajue kwamba anawapandia wajukuu.

Mkwaju una rehema kidogo. Mti wake ni mgumu, unachongeka kinu na mchi, na nyumba iliyolazimika kuuangusha mkwaju wake yaweza kuendelea kutwanga ndani yake kwa miaka mingi. Mwembe nao una njia mbili: kokwa, ambayo huweza kuzaa embe lisilofanana na la mama yake, na kubebesha, yaani kulipandikiza tawi changa la mti wa zamani juu ya mche mwingine, ambako embe huwa ni lile lile, kwa ladha na kwa nyuzi zake.

Juu ya kubebesha, kuna kisa cha miti miwili kinachonipendeza kwa sababu miti yote miwili ilikuwa ni ya habari moja. Ujiji, mwishoni mwa ile njia ya misafara iliyokatiza Ugogo, palikuwa na mwembe ambao mwanahabari Stanley alikutana na mvumbuzi Livingstone karibu yake mwaka 1871. Mwembe ule ulikwisha kufa zamani, lakini mahali pale imesimama miembe ambayo husimuliwa kuwa ni uzao wake, na mgeni hukaa kivulini mwake. Livingstone alipofariki mwaka 1873 kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, moyo wake ulizikwa chini ya mpundu, na mfuasi wake Jacob Wainwright akalichonga jina la Livingstone kwenye gome, kabla ya yeye na wenzake akina Susi na Chuma kuubeba mwili mpaka Bagamoyo. Mpundu ule uliangushwa mwaka 1899, na kipande chenye maandishi kikapelekwa London kwa Chama cha Kifalme cha Jiografia. Kwa hiyo wengine walitunza mbao na wengine walitunza mti. Mimi niko upande wa Ujiji, hata kama hakuna cheti cha kuthibitisha nasaba ya miembe ile, kwa sababu mti ulikusudiwa kutoa kivuli, na kivuli hakikai kabatini.

Lakini katika miti yote ya uani hakuna unaoagika kwa wema kama mzabibu, na ni bahati ya Dodoma kwamba huo ndio mti wake mashuhuri. Aghalabu husimuliwa kwamba mizabibu ilianza kupandwa hapa mwaka 1957 na wamisionari wa Kikatoliki wa Bihawana, kilomita chache kusini-magharibi ya mji, ikasambaa Mpunguzi, Mbabala, Matumbulu, Veyula, Hombolo na Mvumi, mpaka ndoo za zabibu zikawa ni alama ya barabara zote zinazoingia mjini. Ilikubali udongo huu wa kichanga na jua hili kuliko ilivyotarajiwa. Mahali ambapo mizabibu ya Ulaya huvunwa mara moja kwa mwaka, ya Dodoma huvunwa mara mbili, kwa kuwa hapa hakuna majira ya baridi ya kuulaza mti, na anayeupangia mzabibu wakati wa kulala na kuamka ni mkulima na mkasi wake. Sasa, mizabibu hiyo haikufika Bihawana kwa mbegu. Mbegu ya zabibu haizai zabibu ile ile. Mzabibu hurithishwa kwa kipande cha tawi, na kipande hicho si mtoto wa mzabibu ule kwa maana tuijuayo, bali ni mzabibu wenyewe ulioanza upya mahali pengine.

Ushahidi wa jambo hili uko mbali na karibu. Katika kasri ya Hampton Court, kusini-magharibi mwa London, kuna mzabibu uliopandwa mwaka 1768 na bwana bustani Lancelot Brown, kutokana na kipande kilichokatwa katika mzabibu mwingine huko Essex. Ule wa Essex ulikufa zamani. Huu wa Hampton Court ungali unazaa. Na katika mji wa Maribor, nchini Slovenia, ukutani mwa nyumba moja umetambaa mzabibu ambao umri wake unakadiriwa kuwa zaidi ya miaka 400, na wenyeji wana desturi ya kukata vipande vyake na kuvitoa hidaya kwa miji rafiki. Hawakungoja uwe mahututi ndipo waanze kugawa. Nadhani huo ndio ustaarabu.

Kwa anayetaka kufanya vivyo hivyo, kazi si ngumu. Kila mzabibu unapopogolewa, matawi mengi hutupwa au kupewa mbuzi, na katika matawi hayo ndimo ilimo nyumba yako. Chagua tawi la msimu uliopita, lililokomaa likawa rangi ya kahawia, unene wake kama penseli, lisilo na madoa wala unga mweupe wa ukungu. Tawi la mti mgonjwa litahama na ugonjwa wake. Kata kipande chenye macho matatu au manne, upande wa chini ukate mkato ulionyooka karibu kabisa na jicho, upande wa juu ukate mshazari, ili usije ukakipanda kichwa chini, jambo ambalo limewapata wengi. Weka katika kiriba chenye mchanga, udongo na samadi iliyooza, macho mawili yawe ndani, tia kivulini, nyunyizia maji bila kuyatuamisha. Mizizi hutoka katika wiki chache; baada ya miezi kadhaa mche uko tayari kupelekwa shambani, na kwa matunzo mazuri unaweza kuzaa katika mwaka wa pili. Aliye na shaka aulize katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Makutupora, ambacho zabibu ni kazi yake. Na ukiukata mzabibu wakati mizizi yake imekwisha kuamka, utauona unatiririsha maji maangavu kutoka kila jeraha, kwa siku kadhaa. Wakulima husema unalia. Hakuna dhara lolote. Ni nguvu ya mizizi inayosukuma maji juu, nayo ni dalili ya mti mzima.

Wapo wasiotaka kuchukua kitu. Nimewasikia wanaosema kwamba mti uliopandwa na mume au mzazi ulipandiwa mahali pale, na kwamba kuuhamisha ni kuudanganya. Hao huukata wenyewe kwa shoka, jioni ya mwisho, ili usiangushwe na asiyeujua. Sina hoja ya kuwapinga. Wala si kila mti wa zamani ulikuwa wa furaha, na mtu ana haki ya kuacha nyuma kivuli alichokalishwa chini yake bila kupenda.

Kwa wengine wote tatizo kubwa si ujuzi wala fedha, bali ni wakati. Tawi changa la mwembe halikubali kubebeshwa mwezi wowote, kipande cha mzabibu huota vizuri kikikatwa wakati wa kupogoa, na kiriba kinataka miezi ya kumwagiliwa mahali fulani kabla ya mwenyewe kupata kiwanja kipya. Basi hapa nina ombi kwa wanaopanga siku za kuhama, katika Jiji la Dodoma na kwingineko. Mara tu orodha ya uthamini ikisainiwa, wenye nyumba waambiwe wazi kwamba wanaruhusiwa kuchukua vipande, vikonyo vya kubebesha na mbegu katika miti iliyohesabiwa, kwa kuwa wengi huogopa kuigusa wakidhani watapunguziwa fidia. Na greda lisiingie uani kabla ya msimu mmoja wa kupogoa kupita. Kwa mizabibu ya Dodoma, inayopogolewa mara mbili kwa mwaka, kungoja huko hakuzidi miezi sita.